N100 ya wati 6 au Threadripper PRO ya wati 280: ipi inafaa ofisi ya Mtwara au Lindi?

Prosesa ya Intel N100 ilitoka mwaka 2023. Ina kori (vitengo vya kufanya kazi ndani ya prosesa) 4, hufika GHz 3.4, na Intel wameiandikia wati 6. AMD Threadripper PRO 5995WX ni ya 2022: kori 64 zinazoshika kazi 128 kwa mpigo, hupanda hadi GHz 4.5, wati 280. Ofisi inayojiuliza ichukue laptopu kadhaa za N100 au mashine moja kubwa iliyotumika ijue jambo moja kwanza: mashine kubwa inataka kulishwa. Ikikosa umeme, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) au hewa, unabaki na kompyuta ya kawaida inayokula LUKU.

Tuanze na umeme. Laptopu ya N100 ikiwa kazini, kioo kimewaka, ihesabie wati 15 hadi 20. Mashine ya 5995WX ikikaza kori zote, pamoja na RAM na kadi ndogo ya picha, weka wati 450. Kwa saa 8 ni uniti 0.16 dhidi ya 3.6. Ukilipa kama shilingi 356 kwa uniti, laptopu inakula shilingi 57 kwa siku, mashine kubwa 1,280. Hiyo inavumilika. Shida inakuja umeme ukikatika. Betri ya sola ya volti 12, Ah 100, ina Wh (wati-saa) 1,200. Ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, na inveta inakula kama asilimia 15, kwa hiyo zinabaki Wh 510 za kutumia. Laptopu ya wati 20 inakwenda saa 25. Mashine kubwa inapata saa moja na dakika chache kwenye karatasi, na kwa vitendo ni pungufu, maana betri ya asidi ikivutwa kwa kasi hutoa kidogo kuliko ilivyoandikwa.

UPS ya VA 650, ile ndogo ya kwenye kaunta za steshenari, hutoa wati 360 hadi 390 tu. Ukiifungia mashine hii itazima papo hapo katikati ya kazi. Tafuta VA 1,500 kwenda juu, tena ya wimbi safi, kwa sababu kuna pawa saplai za kisasa ambazo hujizima UPS inapohamia betri ikatoa wimbi la ngazi ngazi.

Kosa kubwa kuliko yote liko kwenye RAM, na ndilo linalopoteza pesa nyingi. 5995WX ina njia 8 za kumbukumbu. Kwa RAM ya aina ya DDR4-3200 kila njia hupitisha GB 25.6 kwa sekunde, jumla 204.8. Mtu anapobana matumizi akachomeka kipande kimoja cha GB 64, amefungua njia moja kati ya nane. N100 nayo ina njia moja. Ikiwa na DDR4-3200 inapitisha GB 25.6 zile zile. Yaani kori 64 zinapanga foleni kwenye mlango wenye upana sawa na wa laptopu. GB 64 hizo hizo zikigawanywa vipande 8 vya GB 8, milango yote inafunguka. Kabla ya kulipa, hesabu vipande kwa macho, usiridhike na jumla iliyoandikwa kwenye karatasi.

Hata ikishiba, kuna kazi ambazo haizisaidii kitu cha maana. Chukua kazi ambayo sehemu yake moja ya kumi haigawanyiki, lazima ifanywe na kori moja tu. Kori 4 zinaiharakisha mara 3.1. Kori 64, ambazo ni mara 16 kwa idadi, zinafika mara 8.8 tu. Na kazi za ofisi ni mbaya kuliko hapo. Katibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) anayeingiza kilo za korosho na malipo ya wakulima msimu wa Oktoba hadi Desemba anatumia kori moja au mbili. Nyingine zinakaa bure. Huyo mpe N100.

Mambo yanabadilika ukifika kwenye picha za droni. Kuunganisha picha za mashamba ya Newala au Nachingwea ziwe ramani moja ni kazi inayogawanyika vizuri na inayolamba RAM. Kwa programu ya WebODM, kadiria GB 16 kwa picha 250 hivi, na GB 64 kwa picha 1,500. Intel wanaitambua N100 hadi GB 16, basi ukomo wako uko hapo. Hapa mashine kubwa inalipa, na tunaipendekeza bila kusita.

Joto na chumvi visidharauliwe. Wati 450 zote huishia kuwa joto chumbani, kama BTU 1,535 kwa saa, na mwezi wa Desemba Shangani au Mikindani hakuna hewa ya baridi ya kuazima. Chumba kinataka kiyoyozi. Upepo wa bahari nao hupaka chumvi kwenye miguu ya RAM. Mashine ikianza kujiwasha upya bila sababu, toa vipande, futa miguu kwa spiriti safi isiyo na mafuta, acha ikauke, rudisha.

Anayefungua 5995WX awe na bisibisi ya nyota T20. Skrubu tatu za soketi zina namba: kufungua ni 3, 2, 1, kufunga ni 1, 2, 3, kwa kukaza kwa Nm 1.5. Ukikosea mpangilio au ukikaza upande mmoja, baadhi ya pini hazigusi vizuri, na dalili yake ni RAM ya njia mbili tatu kutoonekana. Wengi hukimbilia kulaumu RAM. Kipozeo nacho kifunike bati lote la prosesa, maana cha prosesa ndogo huacha pembeni wazi.

Ukinunua iliyotumika, dai iwashwe mbele yako ikiwa na kadi ya picha, kwani prosesa hii haina picha yake yenyewe. Usinunue prosesa peke yake bila mazabodi yake: zipo zilizofungwa kiwandani kwa mazabodi za kampuni moja, na ukizihamishia nyingine haziwaki kabisa.

Kwa laptopu, bonyeza Ctrl+Shift+Esc dukani usome jina la prosesa. Prosesa ya N4020 ina kori 2 tu na huuzwa kwenye makasha yanayofanana. Diski iwe SSD, isiwe eMMC, ambayo ni hifadhi ya polepole. RAM mara nyingi imechomelewa, haiongezeki: chukua GB 16, au 8 kama ni ya kuchapa barua tu. Ya GB 4 iache dukani.