Opampu ipi ununue kwa senso ya joto: nne, kuanzia bora

Trei nzima ya mayai ya kienyeji iliniharibikia kwa sababu ya kuchagua vibaya opampu, yaani chipu inayokuza umeme mdogo. Nilikuwa nimeunga senso ya joto ya LM35 kwenye Arduino Uno (bodi ndogo ya kompyuta unayoiandikia programu) ili izime taa za mashine ya kutotolesha vifaranga joto likifika nyuzi 37.5. LM35 hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi, yaani milivolti 375 tu hapo, na Uno husoma kwa hatua za karibu milivolti 5. Kila hatua ni nusu nyuzi, na kwa mayai hiyo ni nyingi. Nikaukuza umeme wa senso mara 10 kwa opampu ya LM358. Kumbe ukiilisha volti 5, LM358 haipandi zaidi ya kama volti 3.5. Usomaji ukaganda kwenye nyuzi 35, programu ikadhani bado kuna baridi, taa zikaendelea kuwaka.

Ndiyo maana naweka MCP6002 ya kwanza. Inakubali volti 1.8 hadi 6, na inachotoa hufika karibu kabisa na sifuri na karibu kabisa na volti 5. Ndani yake mna opampu mbili. Omba yenye miguu mirefu ya kuchomeka, kwa sababu kuna ndogo za kubandika juu ya bodi ambazo zitakusumbua. Usiipe volti 12, itaungua.

Ya pili ni LM358 hiyo hiyo. Maduka ya vipuri vya redio hayaikosi, na inavumilia volti 3 hadi 32, basi ilishe volti 9 au 12 na tatizo langu linakwisha. Ila waya wa senso ukichomoka, inaweza kurusha volti zote hizo kwenye Arduino. Weka rezista (kipande cha kupunguza mkondo wa umeme) ya kilo-omu 10 kati ya chipu na Arduino. Pia inaweza kukosea hadi milivolti 7 upande wa kuingizia, sawa na nyuzi 0.7. Linganisha na kipimajoto unachokiamini, kisha sahihisha kwenye programu.

Ya tatu, TL072, ni nzuri sana kwa maikrofoni na gitaa, lakini inataka umeme wa pande mbili, volti za juu ya sifuri na za chini ya sifuri. Ya nne ni 741, chipu ya mwaka 1968; muuzaji akikupa kwa kazi hii mrudishie: kwa volti 5 pekee haiwezi kusoma umeme ulio karibu na sifuri.

Katika safari hiyo hiyo nunua rezista za kilo-omu 91 na 10 zinazokosea asilimia 1 tu (ndizo za kuiambia opampu ikuze mara 10.1) na kapasita (kipande cha kutunza chaji) ya nanofaradi 100 ya kuweka jirani na miguu ya umeme ya chipu. Ongeza kapasita ya maikrofaradi 10, iunge kutoka pini ya Arduino inayosoma senso hadi ardhi (pini ya GND), mguu hasi ukiwa kwenye GND. Ikishirikiana na ile rezista ya kilo-omu 10 iliyo kati ya chipu na Arduino, namba zinaacha kurukaruka.