Mwaka wa nne na Korg M1: piano yake sio piano, na bado siiuzi

Nina Korg M1, kinanda cha umeme (sinthesaiza), mwaka wa nne huu, ile yenyewe ya 1988 ya chuma na plastiki, sio ile ya kwenye kompyuta, na kila mtu anayeingia chumbani akaikuta kwenye stendi anauliza swali lile lile, "hii bado inapiga?" Inapiga. Ila nianze na siku ambayo haikupiga, maana hiyo siku ndo imenifundisha hii mashine kuliko miezi yote ya kuchezea sauti.

Niliichukua kwa jamaa aliyekuwa ameilaza juu ya kabati miaka kibao, kaifunika shuka. Akaiwasha mbele yangu, skrini ikaleta onyo kwamba betri iko chini, nikamuuliza akasema ah hilo usijali huwa inaandika tu. Nami nikakubali, kwa sababu nilikuwa nimeshaigusa ile piano, na mtu akishaigusa ile piano akili ya kukagua vitu inamhama. Nikaibeba (ni kilo kumi na tatu na ushee, mgongo unajua), nikaifikisha, wiki mbili tatu ni raha tupu. Asubuhi moja nawasha, majina ya sauti yamegeuka herufi za ajabu ajabu, ukibonyeza huku inatoka kelele kama redio iliyokosa stesheni, ukibonyeza kule kimya, na zile kombi (sauti kadhaa zilizounganishwa kuwa moja) zote zimevurugika. Nilikaa kwenye kiti nikasema basi, nimeshaiua.

Kumbe haikufa. Hapa ndo pa kuelewa kabla hujanunua kinanda chochote cha kizazi hiki. Mle ndani kuna kumbukumbu mbili. Moja ni ya kudumu, MB 4 hivi, humo ndo zimehifadhiwa sampuli zenyewe, yaani piano iliyorekodiwa, nyuzi, filimbi, ngoma, kila kitu, na hiyo haihitaji betri wala nini, ukiikuta nzima itabaki nzima. Ya pili ndo inashikilia sauti 100 na kombi 100, na hizo sio sauti kwa maana ya rekodi, ni maagizo tu: chukua sampuli fulani, ifungue filta, yaani kichujio chake, kiasi hiki, ianze polepole, ishuke hivi, ipitishie mwangwi wa aina ile. Haya maagizo yanashikiliwa na betri moja ya duara, CR2032, ile ile ya kwenye madabodi ya kompyuta. Betri ikikata, rekodi zipo ila hakuna anayeziambia zifanye nini, ndo unasikia zile kelele.

Basi nikachomoa umeme, nikaigeuza tumbo juu kwenye blanketi, skrubu nikazipanga kwenye kifuniko kwa mpangilio zilivyotoka (mtu akikwambia atakumbuka ipi ni ya wapi, muongo). Betri niliyoikuta ilikuwa imechomelewa moja kwa moja kwenye bodi kwa vijisikio vya bati, haichomoki kwa kucha kama ya saa ya ukutani. Mi mkono wangu na kulehemu haviendani kwa hiyo nikampa fundi, nikamwambia usinichomelee nyingine, niwekee kibebeo, ili mara ijayo niichomoe mwenyewe kwa vidole. Kazi ndogo, na nadhani ndo hela niliyoitumia kwa akili zaidi kwenye hii mashine.

Kazi ikabaki kurudisha sauti za kiwandani. Faili zake zipo mtandaoni, unazituma kutoka kwenye kompyuta kupitia waya wa midi (lugha ya vinanda na kompyuta kutumiana ujumbe), wa Windows wanatumia programu ya MIDI-OX, wa Mac wanatumia SysEx Librarian. Unaingia Global, kurasa za mipangilio ya kinanda, unatoa ulinzi wa kumbukumbu, unaruhusu ujumbe mrefu unaobeba sauti (SysEx) upokelewe, halafu unatuma. Nikatuma, hamna kitu. Nikatuma tena, zikaingia nusu. Siku mbili nahangaika nikaanza kumshuku fundi wa watu bure, kumbe tatizo ni ule waya wangu wa bei chee wa kuunganisha midi na kompyuta, noti za kawaida unapitisha vizuri ila ujumbe mrefu unaumeza katikati. Midi yenyewe ni ya taratibu, biti 31,250 kwa sekunde, na waya wangu hata huo mwendo ulikuwa unaushindwa. Nikaazima wa mtu mwingine, nikatuma, haikufika dakika, nikaona pale juu kwenye skrini imeandika Universe, jina la sauti ya kiwandani. Nikabonyeza kodi moja, noti tatu kwa pamoja, ile kwaya yake ikapanda polepole mpaka ikajaa chumba, jamani nilicheka peke yangu kama chizi.

Sasa tuje kwenye sauti, maana ndo mnachotaka.

Sauti iitwayo Piano 16' ndo iliyoifanya hii mashine ijulikane, na nawaambia ukweli, kama piano ni feki. Fikiria MB 4 zimegawanywa kwa piano, nyuzi, tarumbeta, gitaa, besi, ngoma na makorokoro mengine yote, wakati siku hizi piano moja tu ya kwenye kompyuta inakula GB kadhaa. Walibana vipi? Vaa hedifoni, bonyeza noti moja ya chini kidogo ya katikati, ishikilie usiachie. Ule mgongano wa nyundo wa mwanzo ni wa kweli, unasikia kabisa chuma na mbao, halafu muda si muda sauti inaacha kubadilika, inazunguka pale pale kipande kile kile kidogo huku inafifia, kama feni inayozimwa. Wamerekodi mwanzo, uliobaki wanazungusha. Na hawakurekodi kila kii, wamerekodi chache wakazivuta juu na chini, kwa hiyo ukipanda kii moja moja kuna mahali unasikia kabisa kiraka, hii ina ugumu fulani, jirani yake imeng'aa ghafla.

Mpiga piano wa kweli ukimwekea hii atakuangalia kwa huruma. Lakini sasa iweke kwenye wimbo wenye ngoma na besi nzito. Zile piano kubwa za GB mi nikiziweka zinazama, nakata huku naongeza kule, hii inakaa juu ya kila kitu kama ilikatwa kwa makasi. Ule ugumu wa mwanzo na kule kukosa maisha kwa baadaye ndo kinachoifanya isigombane na mtu. Watengeneza muziki wa dansi wa house wa mwanzoni mwa miaka ya 90 walilijua hilo, hiyo piano na ile Organ 2 ndo zimebeba muziki wao. Organ 2 ukiipiga noti za juu ni ogani tu ya kawaida, shuka nayo chini, piga noti fupi fupi, inageuka besi yenye kichwa cha mbao, na hapo mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye dansi atasema "aaah, kumbe ni hii!"

Zingine nazitumia kiasi, nyuzi, kengele, zile sauti za hewa hewa. Saksofoni sitaki hata kuizungumzia.

Sasa shida. Kubwa ni hesabu ya noti. Ina uwezo wa kutoa sauti 16 kwa wakati mmoja, ukisikia unaona zinatosha vidole si kumi tu. Ila sauti nyingi nzuri zimejengwa kwa osileta mbili (vyanzo viwili vya sauti kwa kila noti), na hapo 16 inakuwa 8. Ukiweka kombi ya tabaka nne za osileta moja moja zinabaki noti 4, tabaka zikiwa za mbili mbili unabaki na 2, yaani kodi ya kawaida haikai. Halafu kanyaga pedali ya kushikilia noti. Miezi ya mwanzo nilikuwa napiga polepole vizuri, nafika katikati ya mstari besi ya mkono wa kushoto inakatika kama mtu kachomoa waya, naangalia kidole bado kipo pale pale. Sio ubovu, ni kwamba noti zimeisha, kinanda kinaiba nafasi ya ile ya zamani kiipe mpya. Siku hizi mguu wangu umejifunza wenyewe kupumua kila kodi, na kwa kweli hata nikipiga vinanda vingine watu wanasema nimekuwa msafi.

Ya pili ni filta. Inafunga na kufungua mwangaza wa sauti vizuri, lakini haina rezonansi kabisa, ule mluzi na mkoromo unaousikia kwenye sinthi za analogi hapa usahau. Hakuna nobu ya kuzungusha vilevile, kila kitu ni kuingia kurasa kwa vitufe kwenye kiskrini cha mistari miwili. Nilikuwa nalaani, mpaka nikagundua ile jostiki ukiivuta chini na ule mkandamizo wa kii baada ya kubonyeza unaweza kuvipa kazi ya kufungua filta. Yaani unapiga kodi, halafu unaikandamiza taratibu nayo inafunguka chini ya vidole. Hiyo nobu haikupi.

Halafu kuna hili la efekti (mwangwi na mapambo mengine ya sauti) linalochanganya kila mgeni. Zipo mashine mbili tu za efekti kwa kinanda kizima, na aina 33 za kuchagua. Sauti ikiwa peke yake inazitumia zote mbili, inasikika tajiri. Ukiipeleka kwenye kombi au kwenye sekwensa (kinasa noti cha ndani) inaziacha nyumbani inatumia za kule, unaisikia iko uchi, unadhani umechagua sauti nyingine. Hujakosea, ziweke upya kule kule tu.

Sekwensa ni treki 8, inarekodi, inatosha kunasa wazo kabla halijaruka. Diski ya kuhifadhia hamna. Mi siitumii sana ila nikiwa sitaki kuona kompyuta siku hiyo inanitosha kabisa.

Kuna watu wataniambia si ununue tu ya programu. Ni kweli na sibishani. Korg wenyewe waliitoa M1 ya kompyuta kitambo, 2005, na ya iPad 2015, sampuli ni zile zile, na ya kompyuta wameiongezea hata rezonansi na noti za kumwaga. Kama unachotaka ni ile piano na ile ogani kwenye nyimbo zako, chukua hiyo, usijitafutie skrubu na mafundi. Ninayo pia. Nikiwa nayo napitia sauti mia tatu sijaandika hata mstari mmoja. Kwenye chuma ile siku sauti zangu zilipofutika, kabla sijapata waya wa kuzirudisha, nilikaa siku mbili na mashine isiyo na sauti hata moja inayoeleweka, nikaanza kutunga kutoka sifuri, nikachukua sampuli ya filimbi ya pumzi nikaikata mwanzo wake, nikaiwekea nyuzi nyuma inayochelewa, na hiyo sauti mpaka leo ndo naitumia kuliko zote 100 za kiwandani. Sijui kama ningekaa nayo hivyo kwenye kompyuta. Nadhani ningefungua nyingine.

Ukienda kuiangalia ya mtu, fanya hivi. Piga kii zote 61 moja moja kwa nguvu ile ile, ikitokea moja inapiga kelele kuliko wenzake au haisikiki, mara nyingi ni vumbi kwenye mguso wa mpira chini yake, inasafishika kwa spiriti lakini ni kufungua kinanda chote. Bonyeza vitufe vyote, vya umri huu kuna ambavyo vinataka ubonyeze mara tatu na kingine unabonyeza mara moja kinaruka mbili. Angalia skrini ukiwa umezima taa, mwanga wake unachoka. Soma kibandiko cha umeme nyuma kabla hujachomeka, maana zipo zilizotengenezwa kwa soko la Japani zinazotaka volti 100, na ukiichomeka kwenye 230 utakuwa umenunua meza. Na onyo la betri chini likitokea, usimsikilize mwenye mali.

Yangu nimeiandikia kwa kalamu ya wino usiofutika chini ya tumbo tarehe niliyobadilisha betri. Faili ya sauti zangu iko sehemu tatu, mojawapo kwenye barua pepe niliyojitumia mwenyewe, kichwa chake nimeandika USIFUTE.