Lenzi ya Canon RF 100-400mm kwa Picha za Ndege Wazamaji Kisiwani Pemba

Ndege wazamaji humpa mpiga picha kazi ambayo yangeyange hampi. Kibisi, anayeishi katika maziwa madogo ya maji baridi kandokando ya mabonde ya mpunga, huzama bila ya kutoa ishara yoyote, akaibuka pahala pengine kabisa, na pengine akazama tena kabla kamera haijamlenga. Mnandi ni vivyo hivyo, na bata wazamaji wa bara pia, ambao miguu yao iko nyuma sana mwilini na hulazimika kupiga mbio juu ya maji ndipo waruke. Kwa hivyo kigezo changu cha kwanza cha lenzi ni wepesi wake mkononi.

Kwa kigezo hicho, RF 100-400mm f/5.6-8, iliyotolewa na Canon mwaka 2021, inanifaa kuliko lenzi kubwa nilizopata kuziazima. Uzito wake ni gramu 635 tu, na ninaweza kuishika muda mrefu nikiwa nimelala kifudifudi ukingoni, kamera ikiwa sawa na jicho la ndege, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloipa picha uhai. Kibisi anapozama mimi huirudisha lenzi hadi milimita 100 ili nilione ziwa lote, kisha nikaivuta hadi 400 mara tu maji yanapotikisika. Lenzi isiyovutika haiwezi kazi hiyo.

Upungufu wake mkubwa ni mwanga. Ikivutwa hadi mwisho uwazi wake, yaani tundu la kupitishia mwanga, ni f/8, unaopitisha robo tu ya mwanga wa f/4, na asubuhi na mapema, wakati maji yametulia na ndege wanakula, inabidi ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipandishwe sana ili kasi ya kupiga picha ifike 1/1000 ya sekunde. Kituliza mtikisiko kilichomo ndani husaidia mkono unaotetemeka, lakini hakimzuii ndege anayekwenda mbio asitoke na ukungu pichani. Mimi husubiri jua lipande kidogo juu ya minazi.

Tena, lenzi hii haikuzibwa dhidi ya maji na vumbi. Kwa kisiwa chenye masika kama yetu hilo si jambo dogo. Mfuko wa plastiki na kitambaa kikavu ni lazima, na anayekusudia kuwapiga picha minandi kutoka kwenye mtumbwi baharini ni bora atafute lenzi iliyozibwa, hata kama ni nzito. Kofia ya lenzi ya kukinga jua nayo hununuliwa peke yake.

Milimita 400 hazimfikii kila ndege, na hapo ndipo ninapowasihi wenzangu wasimsogelee kibisi aliyeatamia. Mara nyingi huyafunika mayai yake kwa majani anapoondoka kiotani, lakini akishtuliwa ghafla huenda asiwahi, na kunguru wetu hawakawii. Ni afadhali picha ikatwe baadaye kwenye kompyuta.

Ilipoanza kuuzwa Marekani bei yake ilikuwa dola 649. Kwa anayepiga picha maziwani, mchana, kamera ikiwa mkononi bila ya kiegemeo, naipendekeza bila ya kusita.