Kujifunza kuruka na parashuti Diani, Kenya: uzoefu wangu na kozi ya AFF

Kila anayesikia naruka huniuliza swali lilelile: ukishaachia ndege, tumbo linakuwaje? Haliwi kitu. Ile hali ya tumbo kupanda kooni, ya gari likishuka mteremko kwa kasi, haipo kabisa. Ndege inakwenda mbele na wewe unatoka ukiwa tayari na mwendo wake, kwa hiyo upepo unakupokea toka mlangoni, na mwendo wa mbele unageuka kuwa mwendo wa chini polepole. Baada ya sekunde kumi na kitu unafikia karibu kilomita 190 kwa saa na hauongezeki tena. Husikii kama unaanguka. Unasikia kelele za upepo, nyingi mno, na mashavu yanapigapiga.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo linalouzwa kwenye matangazo, nami naona ndilo dogo kuliko yote. Aliyetaka kuanguka tu alipe nauli ya mtalii, afungwe kifuani pa mwalimu, apigwe picha akicheka, arudi hotelini. Kozi ya mwanafunzi ni mambo mengine, na ndiyo ninayotaka kuyaeleza, maana niliyatafuta kwa Kiswahili nikayakosa.

AFF (Accelerated Freefall, yaani kuanguka kulikoharakishwa) ni njia ya kufundisha iliyoanzia Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kabla yake mwanafunzi alirukia kimo cha chini, mwavuli, yaani parashuti, ukifunguliwa na ukanda uliofungwa kwenye ndege, na alirudia hivyo mara kadhaa ndipo aruhusiwe kuanguka sekunde chache. Kwenye AFF unaanguka toka juu siku ya kwanza, walimu wawili wamekushika, mmoja kila ubavu, lakini mwavuli ni wako, umeubeba mwenyewe na utaufungua mwenyewe. Shule nyingi zina ngazi saba. Tatu za mwanzo unakuwa na walimu wawili. Kuanzia ya nne anabaki mmoja, na kadiri unavyopanda ngazi anazidi kukuachia. Ukizimaliza hujawa mrukaji. Leseni A ya chama cha Marekani, USPA, inataka miruko isiyopungua 25, na jambo hilo wauzaji wa kozi hulisema kwa sauti ya chini. Uliza gharama ya kutoka ngazi ya saba mpaka leseni kabla hujalipa senti.

Siku ya darasa ni ndefu na inachosha. Unalala kifudifudi juu ya benchi, nyonga mbele, kichwa juu, mikono na miguu imeachiwa, mpaka kiuno kinauma. Unafundishwa ishara za mikono kwa sababu huko juu hakusikiki neno: vidole viwili vikinyooshwa, nyoosha miguu, kidole kikielekezwa kwenye kifundo cha mkono, soma altimita, kile kipimo cha urefu cha mkononi. Halafu unaning'inizwa kwenye mikanda iliyofungwa kwenye boriti, unaoneshwa picha za miavuli iliyofunguka vibaya, moja baada ya nyingine, nawe unatakiwa kujibu kwa mikono. Mwavuli mbaya usiorekebishika: tazama kimto chekundu kifuani kulia, kishike, tazama kishikio cha chuma kushoto, ng'oa chekundu, ng'oa cha chuma. Cha kwanza kinauachia mwavuli mkubwa uende zake, cha pili kinafungua wa akiba. Unarudia mpaka jina lako likiitwa ghafla mkono unakwenda kulia wenyewe. Mwanafunzi mwenzangu, kijana wa kutoka Nairobi, alilalamika kwamba hakulipa pesa zote hizo kuning'inia kama nguo kwenye kamba. Mimi nasema ile siku ndiyo iliyokuwa na thamani kuliko siku nyingine zote za kozi.

Kasoro moja kubwa: darasa lote ni la Kiingereza, tena Kiingereza cha haraka, kwa kuwa walimu wengi hutoka nje na huja kwa msimu. Si kwamba sikuelewa. Lakini jambo linalohusu uhai wako ungependa ulisikie kwa lugha unayootea ndoto. Aliyeniokoa ni kijana wa Ukunda anayekunja miavuli. Wakati wa kusubiri ndege nilikuwa nakaa naye juu ya turubai lake, nikimwangalia anavyozifunga kamba kwa lastiki, shada kwa shada, na nikimwuliza maswali niliyoona haya kuuliza darasani. Siku moja nilimwuliza kamba zikijisokota mtu anafanyaje, maana darasani tulioneshwa picha tu.

“Dada, usikazane kuinua shingo,” akaniambia. “Haitainuka. Ile mikanda ya mabegani itakuwa imekubana hapa nyuma ya kisogo. Wewe itanue kwanza, shingo itapata nafasi.”

Nitalirudia hilo.

Sasa Diani yenyewe. Ndege hupaa kutoka kiwanja kidogo cha Ukunda, mlango umefunguliwa kidogo kupunguza joto, na inazunguka ikipanda juu ya bahari. Kusini unaona Chale na mwamba wa matumbawe ukiwa mstari mweupe, magharibi vilima vya Shimba, kaskazini kivuko cha Likoni. Unaachwa juu ya maji. Hilo liliniogofya kuliko urefu wenyewe mpaka nilipoelezwa sababu: pwani yetu upepo, uwe kaskazi au kusi, hutoka baharini, kwa hiyo mtu huachwa upande unakotoka upepo ili mwavuli umlete nchi kavu. Ukiachwa juu ya nchi kavu, utaishia mashambani nyuma ya barabara. Ndiyo maana unavalishwa jaketi la kuokolea lisilojazwa hewa, na darasani kuna somo zima la kutua majini. Katika somo hilo nilijifunza kitu ambacho nisingekidhania: usiuachie mwavuli kabla miguu haijagusa maji. Juu ya bahari macho hayana cha kupimia, hakuna mti wala mtu. Unaweza kudhani umebakiza hatua mbili kumbe uko juu ya ghorofa kadhaa.

Halafu kuna maji kujaa na kupwa. Uwanja wa kutua ni ufuo, na ufuo wa Diani unapanuka na kupungua. Siku za bamvua maji hupwa katikati ya asubuhi, kama saa nne au saa tano, mchanga unabaki mpana na mgumu, hapo unatua kwa raha. Ikifika alasiri maji yamejaa mpaka kwenye kuta za hoteli na hakuna pa kutua. Shule niliyokwenda ratiba yake ya wanafunzi ilipangwa kwa jedwali la maji, na hapo niliwapa alama zote. Niliona asubuhi moja wanaukataa mruko tukiwa tumeshavaa, ndege inanguruma, kwa sababu upepo ulizidi. Kanuni za USPA zinamwekea mwanafunzi kikomo cha maili 14 kwa saa za upepo wa chini, na hao hawakubishana na kipimo. Watu walinung'unika. Shule inayokwambia “tutajaribu tu, itatulia” ikimbie.

Mruko wenyewe huwa hivi. Kutoka futi 12,000 mpaka futi 5,500, ambapo mwanafunzi hufungua, ni kama sekunde 40. Katika muda huo unatazama upeo, unasoma altimita, unamtazama mwalimu mmoja, unamtazama wa pili, unajaribu kugusa kishikio kilicho chini ya mkoba upande wa kulia bila kukivuta, unarudia. Kazi ni nyingi kiasi kwamba hofu inakosa pa kukaa. Kwenye ngazi ya tatu wanakuachia wote wawili, wanaelea pembeni wakikutazama. Kama nyonga haziko mbele unaanza kuzunguka kama pia, na wanakushika tena. Mwenzangu wa Nairobi alizunguka, akarudishwa ngazi hiyohiyo, akalipa tena. Kulipia ngazi iliyorudiwa ni kawaida duniani kote, ila mimi nilitegemea iandikwe karibu na bei, isiwe kwenye ukurasa wa nyuma wa fomu ya kukubali hatari.

Mruko nitakaokumbuka ulikuwa wa kawaida mpaka pale nilipofungua. Nilihisi mvuto, nikatazama juu, na kidevu hakikupanda. Nyuma ya kisogo mikanda imeungana imekuwa ukamba mmoja mnene, unanisukuma niangalie viatu vyangu. Juu mwavuli ulikuwa umefunguka, naona ukingo wake kwa pembe ya jicho, wa mraba, mzima, lakini kamba chini yake zimejisokota na mimi nazunguka polepole kinyume. Nilisoma altimita: 4,600. Kikomo cha mwanafunzi kuamua ni futi 2,500. Chini ya hapo hakuna kurekebisha, ni kuuachia mwavuli mkubwa na kufungua wa akiba. Basi nilikuwa na nafasi. Nikaishika mikanda, nikaitanua kwa nguvu zote kama alivyosema yule kijana, nikapiga miguu mithili ya mwendesha baiskeli upande wa kujisokotoa. Mzunguko mmoja. Wa pili. Mikono iliwaka moto. Wa tatu, na shingo ikapata nafasi kwelikweli, nikaona kitambaa chote, chekundu na cheupe, na kile kipande cha kitambaa kinachoteleza kwenye kamba kimeteremka mpaka chini. Altimita: 3,700. Redioni mwalimu wa chini aliniambia kwa utulivu tu nijaribu breki. Nikazivuta, zikafanya kazi.

Kamba kujisokota si ajabu, kila mrukaji hukutana nazo, na mwavuli wa mwanafunzi ni mkubwa na mpole, haukimbii nawe. Nimelisimulia kwa sababu ndilo jibu langu kwa wanaouliza kama kozi ina maana au ni kutapeliwa. Mkononi mwako kuna namba moja, kichwani namba nyingine, na katikati yake una kazi ya kufanya. Huko ndiko pesa yangu ilikoenda.

Kutua ndiko kunakohitaji kichwa kilichotulia kuliko yote. Dakika kama tano hivi uko peke yako chini ya mwavuli, kimya kimeingia ghafla, unasikia hata muziki wa baa za ufukweni. Futi 1,000 unaanza kwenda na upepo mgongoni, 600 unakata kona, 300 unaukabili upepo na hugeuki tena. Upepo ukiwa wa kaskazi unamalizia ukielekea upande wa Tiwi, ukiwa wa kusi unamalizia ukielekea Galu. Ufukweni hewa ni laini kwa kuwa imetoka moja kwa moja baharini, ila ukichelewa kukata kona ukasukumwa nyuma ya minazi, unaingia kwenye hewa iliyovurugwa na miti na mapaa ya makuti, na mwavuli unatikisika vibaya. Halafu kuna ngamia. Wale ngamia wa kubeba watalii hawajui kanuni za mtu yeyote, na mwenye ngamia naye anasimama kukutazama badala ya kusogea. Shule ina mtu wa kuusafisha ufuo kwa filimbi. Siku asipokuwepo, nakushauri usipande ndege.

Malalamiko yangu mengine ni ya mfukoni. Bei hutajwa kwa dola, na kozi nzima inaingia kwenye maelfu. Kamera ni juu yako. Siku za kungoja upepo ni chumba na chakula juu yako, na amana yangu haikurudishwa wala kusogezwa nilipotaka kuahirisha kwa msiba wa nyumbani. Niliandika mara mbili, nikajibiwa kwa kunakiliwa kifungu cha fomu. Redio ya kofia yangu moja ilikwaruza kiasi cha kutoeleweka, wakaibadilisha nilipogoma kupanda nayo. Somo la kukunja mwavuli, ambalo liko kwenye kozi, liliahirishwa mpaka nikalidai.

Ukitaka kwenda, nenda Januari au Februari, upepo ukiwa wa wastani; Juni mpaka Agosti kusi hukaza na utakula siku nyingi ukiangalia mawingu. Kama umezamia Kisite au kwenye miamba ya Diani kwa mtungi wa hewa, usipande ndege siku hiyo, waambie ukweli, wakupangie baada ya siku nzima. Vaa viatu vya kufunga kamba. Kabla ya kulipa omba uoneshwe kadi ya mwavuli wa akiba ulikunjwa lini na nani, uliza kama kile kifaa kinachoufungua chenyewe kimewashwa na nani hukikagua asubuhi, uliza kurudia ngazi ni kiasi gani na amana inarudi lini. Mwulize pia mwalimu mara ya mwisho alimkatalia mwanafunzi kupanda kwa sababu gani. Mimi nimebakiza miruko kadhaa kufika leseni, na nitaimaliza Diani hapohapo, ila safari hii nalipa mruko kwa mruko.