Hall of Fame 2 Mini: uzoefu wangu na pedali ndogo ya mwangwi

Kama gita lako linaingia moja kwa moja kwenye miksa, kama ilivyo kanisani kwetu na kwenye sherehe nyingi ninazopiga hapa Dar es Salaam, basi pedali ya mwangwi, yaani kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kinachoipa sauti mkia kama wa ukumbini, inunue kabla ya nyingine zote. Gita la umeme lisilopita kwenye amplifaya hutoka kavu mno. Noti hukatika papo hapo kidole kinapoachia uzi, na mpiga solo huishia kukandamiza nyuzi kwa nguvu akitafuta utamu ambao haupo.

Mimi natumia Hall of Fame 2 Mini ya TC Electronic, kampuni iliyoanzishwa Denmark mwaka 1976. Ina nobu (kitufe cha kuzungusha) moja tu, na inaingia kwenye mfuko wa pembeni wa begi la gita pamoja na waya zake. Hiyo nobu moja isikutishe, kwa sababu kazi kubwa inafanyika kwenye simu. Unafungua programu ya TonePrint, unachagua aina ya mwangwi, unaweka spika ya simu karibu na pikapu za gita (vile vinasa sauti vya sumaku chini ya nyuzi), unabonyeza kutuma. Simu inatoa mlio, pikapu zinaudaka, unapita kwenye waya hadi kwenye pedali, na sauti mpya imeshaingia. Hakikisha tu volumu ya gita iko wazi. Ukitaka kwenda mbali zaidi, iunganishe na kompyuta kwa waya wa USB, uamue mwenyewe nobu ibadilishe nini: wingi wa mwangwi, urefu wa mkia wake, au vyote pamoja.

Kwa sebene, ile sehemu ya gita la kasi ya kuchezea dansi, ninaweka mwangwi mfupi wa springi, yaani unaoiga mtetemo wa springi, kidogo sana. Noti za sebene zinakimbizana, na mkia mrefu huzivuruga mpaka wachezaji wasisikie gita linasema nini. Kwenye nyimbo za kuabudu ndipo ninapoachia mwangwi wa ukumbi mkubwa. Hapo swichi yake inayoitwa MASH inanipa raha ya kweli: unaikandamiza kwa mguu, na kadiri unavyoongeza uzito ndivyo mwangwi unavyokua, ukilegeza unarudi. Kodi moja ndefu mwishoni mwa ubeti inajaza kanisa zima, halafu waimbaji wanaingia mahali pasafi.

Jambo moja wapigaji wengi hulisahau: ukumbi wenyewe una mwangwi. Ukumbi wa kuta za zege na paa la bati, hasa ukiwa mtupu wakati wa kujaribu vyombo, unakuzidishia sauti kabla hujagusa nobu. Watu wakishajaa, miili na nguo zao hunyonya mwangwi na gita hukauka tena. Kwa hiyo mimi hupanga upya baada ya watu kukaa.

Kuhusu umeme, pedali hii haina nafasi ya betri. Inataka adapta ya volti 9 yenye hasi katikati ya plagi, inayotoa angalau miliampia 100. Usichomeke adapta ya kinanda uliyoiokota studio kabla ya kusoma mchoro wa chanya na hasi juu yake. Pedali huungua hivyo. Ukigawana adapta moja na pedali nyingine huenda ukasikia mvumo, na dawa yake ni chanzo chenye matundu yaliyotenganishwa.

Kwenye mpangilio wa pedali iweke mwisho, baada ya overdraivu (inayokwaruza sauti), korasi (inayoinenepesha) na dilei (inayoirudia). Overdraivu ikija baada yake, mkia wa mwangwi unachafuka.

Mwenye amplifaya kama Roland JC-120 asiharakishe kununua, maana ile tayari ina mwangwi wake wa springi ndani. Na mpiga kinanda anayetaka stirio atafute nyingine. Hii ni mono, tundu moja la kuingia na moja la kutoka.