Olympus Trip 35: tangazo halikudanganya

Hii kamera niliipenda kwenye karatasi kabla sijaishika mkononi. Kuna kipindi wauza vitabu vya mtumba pale Posta, Dar, walikuwa wanapata majarida ya picha ya nje ya miaka ya sabini, Amateur Photographer ya Uingereza, Popular Photography ya Marekani, na mi nilikuwa nayanunua kwa ajili ya matangazo tu, makala nasoma baadaye. Yaani tangazo la kamera enzi hizo unapewa ukurasa mzima, picha kubwa juu, chini maneno, tena maneno mengi, wanakueleza lenzi ina vioo vingapi, mwanga unapimwaje, mwanga ukipungua kamera inafanyaje, unamaliza kusoma umejifunza kitu hata kama huna hela ya kununua. Siku hizi tangazo la simu linakutajia megapikseli basi, kazi kwako.

Trip 35 ilianza kutengenezwa 1967 ikaenda hadi 1984, na Uingereza waliitangaza kwa kumtumia David Bailey, mpiga picha mkubwa wa mitindo wa London. Kwenye tangazo la tivii kuna mpiga picha wa harusi ana mitambo mizito anamdharau jamaa mwenye kikamera kidogo, anamuuliza kwani wewe unajiona David Bailey, kumbe ndio yeye mwenyewe. Ujumbe wao ulikuwa kwamba kamera ndogo ya safarini inatoa picha ambayo hata fundi haoni aibu kuiweka jina lake.

Na ni kweli. Lenzi ni Zuiko ya 40mm, f/2.8 (yaani upana wa tundu lake likifunguka lote), kali kweli kweli, ukiisafishia picha kubwa unaona hadi nyuzi za kanga. Kulenga umbali ni kuzungusha pete yenye vialama vinne, kichwa cha mtu mmoja, watu wawili, kundi, na milima, basi. Kasi za shata, kile kilango kinachofunguka kuingiza mwanga, ziko mbili tu, 1/40 na 1/200 ya sekunde, kamera inachagua yenyewe. Ile duara yenye vinundu vinundu inayozunguka lenzi ni seleniamu, inageuza mwanga kuwa umeme kidogo unaosukuma sindano ya kupimia, na sindano ndio inaamua tundu la lenzi lifunguke kiasi gani. Kwa hiyo haina betri. Kabisa. Mwanga ukiwa hautoshi kinapanda kibendera chekundu kwenye dirisha la kuchungulia na kitufe kinagoma, mkanda wako wa filamu hauliwi bure.

Hapa ndipo naiona imeishinda Canon AE-1 ya 1976, ambayo nayo ilitangazwa sana na watu wengi wanaoanza mkanda wanaikimbilia. AE-1 ni nzuri, sibishi, lakini shata yake inategemea umeme, betri ikifa umeshika pambo, na ile betri ya volti 6 sio kitu unachokuta kila duka.

Kitu kimoja matangazo yale hayakuwa nacho ni sisi. Ufukwe, mashua, watoto na aiskrimu, wote weupe, ukurasa baada ya ukurasa. Na haikuishia kwenye picha za matangazo, kwa miaka mingi Kodak walikuwa wanazipelekea maabara kadi yenye picha ya mwanamke mzungu ili wapimie rangi ya ngozi, na hiyo ni sababu mojawapo kwenye albamu nyingi za nyumbani babu anaonekana meno na shati, uso giza. Inaniuma mpaka leo maana nyuso zile hatuzipati tena. Sasa Trip nayo ina tatizo la nyuso, ila lina dawa. Ile seleniamu inapima mwanga wote wa mbele kwa pamoja, mtu mweusi akisimama na bahari inayong'aa nyuma yake kamera inaona mwanga mwingi, inabana tundu, sura inazama. Dawa ni hii, weka mkanda wa 200 halafu pete ya ASA, ile ya kuiambia kamera mkanda una wepesi gani wa kushika mwanga, iweke 100, unakuwa umeongeza mwanga mara mbili, mkanda wa rangi unavumilia vizuri tu na ngozi inatoka na rangi yake. Ila kibendera kitapanda mapema jioni, hiyo ujiandae.

Gharama sasa. Kamera yenyewe sio shida, mkanda ndio shida. Mkanda mmoja wa picha 36 pamoja na kuusafisha ni hela ya kujaza mtungi mkubwa wa gesi, na kuupata ni mpaka umwagize mtu anayetoka nje. Studio zinazosafisha mkanda wa rangi zimebaki za kutafuta, na kuna moja sitaitaja iliwahi kunirudishia negativu zina mikwaruzo mwanzo mwisho, siku hizi nauliza kwanza mashine yao mara ya mwisho ilifanya kazi lini.

Ukiipata ya mtumba usilipe kabla hujaijaribu. Weka kwenye A (kamera ijipangie yenyewe), ziba lenzi yote kwa kiganja, bonyeza, kibendera lazima kipande na kitufe kigome. Toka juani bonyeza tena, lazima ilie. Kama juani bado inagoma, huenda seleniamu imekufa, achana nayo. Fungua mlango wa nyuma uguse sponji nyeusi kwenye kingo, nyingi zimeshageuka ulimbo na mwanga unapenya, mkanda unaungua, lakini hiyo ni ya kubadilisha tu, omba upunguziwe bei. Mulika lenzi na tochi ya simu utafute utando wa fangasi, pwani hii unyevu hauna huruma, na ukiwa nayo nyumbani itunze na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, kifuniko cha lenzi kikiwa juu ili seleniamu ipumzike.