Wakili wa madai ya macho hapa Dodoma mjini: alichonifanyia na kilichonikera

Mimi ni fundi cherehani, naishi Nkuhungu. Jicho langu la kushoto linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Bodaboda ikija upande huo, naisikia kabla sijaiona.

Miezi 14 nilitibiwa kituo kimoja cha binafsi hapa mjini. Niliambiwa ni mzio, vumbi la Dodoma. Nikapewa matone yenye steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho, yakiisha naongezewa. Presha ya macho sikupimwa hata siku moja. Nilipopanda treni ya SGR kwenda hospitali ya CCBRT Dar es Salaam, presha ya jicho ilisoma 38, na kawaida haipiti 21. Daktari akanieleza kwamba matone yale yakitumika muda mrefu huweza kupandisha presha, na mshipa wa fahamu wa jicho ukishakufa haurudi.

Ndipo nikamtafuta wakili. Ofisi yake ni mwendo mfupi kutoka Jamatini, ghorofa ya pili.

Nianze na kilichonikera. Ngazi zina giza, hazina pa kushika. Halafu karani akaniwekea fomu yenye maandishi kama sisimizi: "Mama, weka sahihi hapa." Mteja mwenyewe kaja kwa sababu ya macho! Nilikataa mpaka mwanangu aliponisomea mstari kwa mstari. Hilo walirekebishe, nawaomba sana.

Wakili mwenyewe nampa heshima yake. Alinisikiliza saa nzima bila kugusa simu. Aliuliza kwanza kama kituo ni cha serikali, maana serikali haishtakiwi kabla ya kupewa notisi ya siku 90. Kisha akataka tarehe, kwa kuwa madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3. Nikamtolea vichupa vitupu vya matone nilivyokuwa navitunza kwenye kopo la vifungo. Akavipanga mezani kimoja kimoja, anasoma lebo, anaandika. Vilikuwa 9. Hapo ndipo nilipolia.

Nilidhani ataniahidi mamilioni. Akasema, "Mama, ugonjwa uliokwenda nao hukupewa na yule daktari. Tunachodai ni sehemu ya jicho iliyopotea ukiwa mikononi mwake." Kwa hiyo bingwa mwingine aandike ripoti: ningepimwa mapema, kingeokolewa kiasi gani? Bila ripoti hiyo hafungui kesi. Baraza la Madaktari Tanganyika naweza kulipelekea malalamiko, ila lenyewe hushughulikia mwenendo wa daktari. Fidia tutaidai mahakamani.

Ushauri nililipa 50,000, risiti nikapewa. Gharama za kopi na ripoti ni juu yangu. Mchana hapokei simu, anapiga jioni, pengine kesho yake, nimeshazoea.

Kazi niliyoiona kwa macho yangu ni barua yake ya kuomba faili langu. Mimi kituo kilinizungusha mara tatu: njoo kesho, mhusika hayupo, faili halionekani. Barua ya wakili ilipofika, kopi zilitoka ndani ya wiki. Alinisomea kwa sauti, hudhurio kwa hudhurio. Mahali pa kuandika presha ya jicho, kurasa zote ni patupu.